Mkono wa Min Achieng

Siku ya kuniaga pale hospitali ya shamba la chai walinipa saa ya ukutani na blanketi. Saa nimeitundika, blanketi mjukuu ameshalichukua. Kisha nesi mmoja, msichana wa juzi tu, akasimama mbele ya watu akasema, "Kogo, kabla hujaenda kulima, tuandikie vile ulikuwa unakanda watu wakitoka kupasuliwa. Sisi tunasikia tu." Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na nyanya nimekuwa kweli, lakini nani alimwambia mimi naenda kulima? Kwa mgongo huu? Hata hivyo niliahidi. Mtu akikuomba jambo mdomo ukiwa umejaa mandazi, huwezi kukataa.

Vyeo sitataja. Mshahara pia sitataja, maana ninyi mtacheka na mimi nitalia. Nitasema habari za mikono, na nikifika kwa mkono wa Min Achieng mnivumilie, kwa sababu hapo sijui kuwa mfupi.

Nilifika miaka ya hamsini, msichana kutoka Sigor, nikitafuta kazi ya kufua mashuka. Nilijua kusoma, kushona vifungo na kukamua ng'ombe. Kukamua ndiko nilikojua hasa. Nyumbani ng'ombe mkali akizuia maziwa, niliitwa mimi. Hospitali yenyewe ilikuwa majengo ya mabati, wodi ya wanaume na ya wanawake, jiko nyuma, na kila unakotazama ni chai, kijani mpaka macho yanachoka. Alasiri mvua haikukosa, mara nyingi na mawe yake. Mawe yakishaanza kupiga mabati hakuna kusikilizana, hata mgonjwa akitaka maji inabidi aombe kwa vidole.

Mkubwa wa wauguzi alikuwa Sista Inge, Mzungu mrefu kutoka Denmaki, nchi ambayo mimi nilidhani ni mtaa mmoja wa Uingereza. Wagonjwa walimwita Chelimo, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi ng'ombe wakienda malishoni, kwa sababu alikuwa wodini kabla mtu yeyote hajapiga mwayo. Siku ya kwanza hakuuliza nimesoma wapi. Alisema, "Leta mikono." Nikaleta. Akaigeuza juu na chini kama mtu anayenunua viazi, akabonyeza viganja, akachukua mkasi na kunikata kucha yeye mwenyewe, kwa haraka, bila kuomba ruhusa.

"Mikono iko nguvu," akasema kwa Kiswahili chake. "Nguvu mingi. Hiyo iko mbaya kidogo."

Sikuelewa. Kwetu nguvu haijawahi kuwa mbaya kidogo. Lakini alinipa aproni, na kwa wiki za kwanza nikafua mashuka na kukunja bandeji, huku nikimtazama akifanya kazi moja ya ajabu. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, akiwa na mguu au mkono uliofura, Sista alikuwa anaketi kando ya kitanda, anajipaka poda viganjani, na kumpapasa. Sisemi kumkanda. Kumpapasa, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Hakuweka mafuta, hakubonyeza, hakuna aliyelia. Mimi nilikuwa nimekulia kwa bibi aliyejulikana Chepalungu nzima kwa kukanda, na mtu aliyekandwa na bibi yangu alisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nilisema moyoni, huyu Mzungu anacheza.

Siku moja akaniita. "Rael, leo wewe nafanya." Mgonjwa alikuwa mama mmoja aliyetolewa uvimbe kwenye bega, mkono umejaa maji. Nilifurahi, nikaona sasa wataona kazi. Nikashika mkono ule juu karibu na bega, nikabana, nikavuta kwenda chini mpaka vidoleni. Nikarudia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mwendo mzuri kabisa. Mama akang'ata shuka. Nilikuwa naendelea kwa moyo wote ndipo Sista akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Rael," akasema, "hapa hapana maziwa."

Wodi nzima ilicheka. Nilikuwa ninakamua! Mikono ilikuwa imejiendea yenyewe kama nilivyozoea, kubana na kuteremsha, kana kwamba maji yale yatatokea kwenye kucha yaingie ndooni. Wanawake wa Kipsigis walicheka zaidi, kwa sababu kila mmoja wao angefanya vilevile. Niliona haya nikatamani mvua ya mawe ianze.

Jioni Sista alinifundisha kwenye mkono wake mwenyewe, nami ninawapa ninyi kama alivyonipa. Mwilini mna mito midogo isiyo ya damu, inayobeba maji tu, na inapita kwenye tezi za kwapani, za shingoni na za kinenani. Daktari akikata pale, mto unaziba na maji yanatuama. Ukibana kwa nguvu unaponda vijito vilivyobaki. Basi unaanza shingoni, juu ya mfupa wa bega, kufungua mlango. Kisha unakwenda kwapa la upande mzima, ule usiougua, maana huko ndiko maji yatakakopelekwa. Kisha kifua, kutoka upande mbovu kwenda upande mzima. Mkono unaugusa mwishoni, na wenyewe pia unaanza juu: sehemu ya karibu na bega kwanza, halafu kiwiko, halafu kiganja, na kila mara unasukuma kuelekea mwilini. "Wewe nasukuma ngozi tu," aliniambia. "Nyama wacha yeye lala." Ukiona mkono umekuwa mwekundu na una moto, usiguse. Mwite daktari. Hilo msilisahau hata mkisahau mengine yote.

Alikuwa na mtihani wake. Alifumba macho, nikampapasa. "Mimi nasikia kidole yako," akasema. Nikapunguza. "Bado nasikia." Nikapunguza tena mpaka nikaona sifanyi kitu. "Sasa mimi nasikia ngozi yangu tu. Hiyo."

Nilipopeleka habari hizi nyumbani, bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na samli mnaweka wakati gani?" Nikamwambia hatuweki, mkono unateleza. Akamgeukia mama yangu akasema, "Mtoto huyu wamemharibu."

Wagonjwa nao hawakuamini haraka. Mzee mmoja kutoka Ndanai, aliyepasuliwa kinena, alinitazama nikipapasa mguu wake akauliza kwa upole, "Lakwani, kweli wanakulipa kwa hii?" Lakwani ni mtoto wangu. Nikajibu wananilipa. Akatikisa kichwa, akasema Wazungu wana mali ya kuchezea. Kisha akalala usingizi mkononi mwangu, na alipoamka akauliza kama nitarudi kesho.

Sasa nifike kwa Rosbella Awuor.

Alikuwa mchuma chai, mwanamke wa Seme kule ziwani, mweusi, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Watu wa kwao walimwita Min Achieng, mama wa Achieng, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mumewe alikuwa wa kiwandani, akafariki, naye akabaki kwenye nyumba ya laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba, kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu alikuwa anachuma. Kisha titi lake moja likaota uvimbe. Walimpeleka hospitali kubwa mbali na hapa, wakakata titi lote na tezi za kwapani, wakamrudisha kwetu akiwa na mshono mrefu na mkono wa kulia uliofura kama mto wa kulalia. Vidole havikukunja. Hakuweza kushika kijiko, sembuse kukwanyua majani mawili na ncha.

Nyapara wa sehemu yake, Arap Sang, alikuja kumtazama akiwa na kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Msimfikirie vibaya. Alisimama miguuni pa kitanda akasema, "Mama, pole. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini nyumba ni ya mtu wa kazi, unajua. Nimeomba wakungoje mpaka mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo sina maneno."

"Na nikirudi kazini kabla ya hapo?"

"Ukileta kikapu kamili kwenye mizani kama wengine, nani atakuuliza?"

Alipokwenda, Min Achieng aligeukia ukuta. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anapiga hesabu zake. Akaniambia bila kugeuka, akiniita mtoto wangu kwa Kijaluo, "Nyathina, unajua nikitoka kwa hiyo nyumba naenda wapi? Kwa shemeji yangu. Na shemeji yangu ameshasema Achieng shule imemtosha, aende amlelee watoto." Achieng alikuwa msichana wake wa pekee, darasa la nne, mwembamba, mwenye kuuliza maswali mpaka unamkimbia. "Mimi nataka afike darasa la nane. Hapo tu. Baada ya darasa la nane hakuna mtu atamfanya yaya."

Sista aliketi kando yake akamwambia ukweli, na kwa mara ya kwanza nilitamani Kiswahili chake kiwe kibovu zaidi. Alisema ugonjwa ule unaweza kurudi. Alisema sisi hatuponyi ugonjwa, tunatengeneza mkono. Mimi nilitazama sakafu.

"Sawa," akasema Min Achieng. "Nipeni mkono tu. Siku nitajitafutia mwenyewe."

Tukaanza. Asubuhi Sista, alasiri mimi. Poda, shingo, kwapa la kushoto, kifua, mkono. Kisha bandeji kutoka vidoleni kupanda juu, chini ikaze, juu ilegee. Kisha tunaulaza mkono juu ya mito ya kitanda. Min Achieng alikuwa mgonjwa wa matata. Alikuwa amesikia ile habari ya maziwa, na kila nilipobonyeza zaidi ya inavyopaswa alifungua jicho moja na kusema, "Rael, leo umekuja na ng'ombe." Nikipunguza, anafumba tena. Mimi naye tulicheka sana, na siku nyingine alinikasirisha, kwa sababu alikuwa na haki. Nikikasirika b yangu inakuwa p mpaka leo, kwa hiyo nilikuwa nabonyeza na kusema "pole, mama, panteji imekaza," naye anacheka mpaka anashika mshono.

Mkono ukaanza kushuka. Mikunjo ya ngozi ilirudi kwenye kiwiko, na siku moja akakunja ngumi. Haikuwa ngumi ya kumpiga mtu, lakini ilikuwa ngumi. Tukamruhusu aende nyumbani kwa Jumapili, akamwone Achieng. Akarudi Jumatatu mkono umefura, mwekundu, una moto, na homa juu yake. Jirani mmoja, kwa upendo, alikuwa ameuchovya kwenye maji ya chumvi yanayochemka na kuusugua kwa nguvu zake zote ili uchafu utoke. Sindano za penisilini zikaanza, nasi tukakaa mikono mapajani. Siku zilikuwa zinakwenda na sisi hatuugusi. Sijawahi kuchukia mwezi kuisha kama nilivyouchukia ule.

Homa ilipotoka tukaanza upya, na mkono ukashuka tena. Katikati ya mwezi ule wa mwisho aliopewa akarudi kuchuma, kwa siku fupi fupi. Hapo ndipo ajabu ilipoanza. Asubuhi anatoka kwetu mkono mzuri. Jioni anarudi umejaa. Tunakanda, unashuka, kesho jioni umejaa tena. Sista alibadilisha bandeji. Akamshonea mkono wa kitambaa ili matawi ya chai yasimkwaruze. Wapi. Daktari alisema mkono umekataa kazi, basi. Min Achieng akavaa mkono wake wa kitambaa akaenda zake bila hata utani mmoja.

Siku yangu ya mapumziko nilivaa buti nikaenda shambani kumtazama. Nilisimama kwenye njia kati ya mistari ya chai, ukungu bado uko chini. Wachumaji walikuwa wanakwenda kwa mstari, mikono inaruka juu ya majani, kikapu mgongoni. Vikapu vile vilikuwa na kamba mbili za kupita mabegani na chini ya makwapa. Min Achieng alichuma vizuri, taratibu. Kikapu kikajaa. Kamba ikakaza. Nikaona ile ya kulia ilivyozama kwapani, palepale pa mshono, palepale tulipokuwa tunafungua njia kila siku. Sisi tunafungua asubuhi, kikapu kinafunga mchana kutwa.

Nikaita, "Min Achieng! Toa kikapu!"

"Nitoe nikibebe na nini, meno?"

Nilimwambia nilichoona. Akajaribu kukibeba begani kushoto peke yake, kikaning'inia na kumwaga majani. Akajaribu kichwani kama wanavyobeba kwao, lakini utachumaje umeinama na kikapu kichwani? Mchumaji wa mstari wa pili akamwambia arudi nyumbani apumzike. Akamjibu kwa Kijaluo jambo ambalo sikulielewa na sikuuliza.

Tulikuwa bado tunabishana, na Wanjiru akapita. Wanjiru alikuwa Mkikuyu wa Kedowa, muuza viazi na kabichi, aliyekuja laini kila wiki. Wakati ule wa hali ya hatari Mkikuyu hakutembea hovyo bila pasi ya serikali, lakini Wanjiru pasi alikuwa nayo, na mdomo wa kuitetea alikuwa nao pia. Alikuwa amebeba gunia mgongoni kwa mkanda mmoja wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, pale miaka ya kubeba ilipochimba kibonde, mikono yote miwili huru, anafuma sweta huku anatembea. Mimi nilimtazama. Min Achieng akanitazama nikimtazama.

"Hapana," akasema. "Rael, hapana. Kichwa cha Mjaluo ni cha kubeba juu, si cha kuvuta."

Wanjiru akasimama. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Akamtazama Min Achieng, mkono, kikapu, akatua gunia. "Ngai! Sasa kichwa cha Mjaluo ni cha kubeba juu. Na mkono wa Mjaluo ni wa nini? Wa kufura?"

"Nitapata bonde kwa uso kama yako."

"Bonde langu limesomesha watoto. Uso yako ni nyororo na haina hata kitu."

Nilidhani watapigana. Badala yake Min Achieng akaangua kicheko, kicheko chake kile kikubwa, mpaka wachumaji wakageuka. Wanjiru akafungua mkanda wake, akaufunga kwenye kikapu, akamvalisha yeye mwenyewe, akamwonyesha namna ya kuinamisha kidevu na kupanga miguu. Viazi vyake akaenda navyo mikononi kwa safari mbili, akilalamika njia nzima kwamba mkanda ule ameuazima tu.

Sista nilipomwambia, alikwenda kuona mwenyewe, akarudi na matope mpaka magotini. "Mzuri sana," akasema. "Lakini sasa shingo nachoka. Wewe nakanda shingo pia." Hivyo kazi yangu ikaongezeka. Jioni ya siku ile mkono ulirudi umejaa kidogo tu. Ya pili vilevile. Min Achieng alikuwa amejifunza kujipapasa kwa mkono wa kushoto, na pale asipofika, mgongoni na nyuma ya bega, alimfundisha Achieng. Kila asubuhi, kabla ya shule na kabla ya shamba, mtoto yule alipapasa mgongo wa mama yake kwenye nyumba ya laini, huku uji unachemka.

Siku ya mwisho wa mwezi niliomba ruhusa ya kwenda kwenye banda la mizani. Nilisema napeleka dawa. Sista aliniambia anajua hakuna dawa, lakini niende. Wachumaji walikuja mmoja mmoja na vikapu vyao. Arap Sang alikuwa amesimama kando ya karani, hatazami njia. Mwishoni kabisa Min Achieng akatokea, ameinama, mkanda wa Wanjiru kwenye paji la uso, jasho linatiririka, na kikapu kimejaa mpaka majani yanachungulia. Mtu mmoja akacheka. "Huyu amekuwa Mkikuyu lini?"

Karani akapima. Akamtazama nyapara. "Lakini hii namna ya kubeba si ile ya shamba."

Arap Sang alikitazama kikapu, akachota majani, akayageuza. Majani mawili na ncha, majani mawili na ncha. Akayarudisha.

"Kikapu ni kikapu," akasema. "Mwingine!"

Habari ya nyumba haikutajwa tena. Nilirudi wodini nikikimbia kwenye mvua kama mwendawazimu, nikamkuta Sista mlangoni. Nikamwonyesha kwa mikono kikapu kilichojaa. Alinishika mikono yote miwili akaitikisa, akaniambia nikabadilishe nguo, nitaugua. Usiku nililia kwa furaha, nawaambia wazi.

Sista Inge aliondoka baada ya muda, kurudi kwao kumtunza mama yake. Aliniachia mkasi wa kucha na kazi yote. Nilikanda wengi baada ya hapo, na ninyi wengine mmenikuta nikikanda. Min Achieng alikuwa anapita hospitalini kila akipata nafasi, nami nilimfunga bandeji mpya na kumpa saa moja ya mikono yangu. Aliketi, akafumba macho. Kila mara, hata nilipokuwa ninawafundisha wengine, alipata pa kunishika. "Rael, ng'ombe." Miaka ikaenda. Achieng darasa la tano. La sita. Wanjiru alishaacha kudai mkanda wake. La saba.

Ugonjwa ulirudi Achieng akiwa darasa la nane. Safari hii ulikaa kifuani ndani, akawa anakohoa, kisha pumzi ikawa fupi. Aliendelea kuchuma mpaka aliposhindwa kupanda kilima, na Arap Sang akamweka kwenye banda kuchambua majani ameketi, akamwandikia siku kamili. Sikumwuliza kwa nini. Nilimwita Boiyot, mzee, toka siku ile, na nilimaanisha.

Aliletwa kwetu mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zinaisha. Achieng alikuwa amefanya mtihani wake na kupita, anangoja kwenda kusomea ualimu. Tulimweka mama yake kitanda cha dirishani, aone chai. Mkono ulikuwa umefura tena, na sasa hapakuwa na kikapu cha kulaumu. Niliukanda kila alasiri ijapokuwa nilijua, naye alijua, kwamba hautashuka. Alisema unapungua uzito kidogo, na hilo lilitosha. Hakuwa na nguvu ya kunitania. Nilingoja aseme ng'ombe, hakusema, na kimya kile kiliniuma kuliko kitu kingine.

Alasiri moja nilikuwa nimeanza, shingo na kifua tayari, nikaitwa wodi ya wanaume. Nilimwambia Achieng akae na mama. Niliporudi nilisimama mlangoni. Min Achieng alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa. Achieng alikuwa amejipaka poda na kuketi mahali pangu. Alikuwa anapapasa mkono wa mama yake kutoka kiwikoni kwenda juu, polepole, anasukuma ngozi tu, kama alivyofanya mgongoni kwake miaka yote ile kabla ya shule. Hapakuwa na kidole cha kusikika.

Min Achieng akatabasamu bila kufungua macho.

"Rael," akasema, "leo ng'ombe umewaacha nyumbani."

Achieng aliinua uso akanitazama, machozi yanamteremka. Nikaweka kidole mdomoni. Akainama tena, akaendelea na mkono.